Bawa Nililolinyoosha

Ihumwa, Jumapili alasiri

Mwanangu Nyemo,

Sikuulizi hali. Nakusikia hapo uani ukicheka na mama yako, kwa hiyo najua u mzima. Mambo ya baridi ya Mbeya, ya kula kwa wakati na ya kutoazimisha watu chaja yako, mama yako ameyasema tangu Jumatano na atayarudia kesho stendi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa kwenye chumba cha kazi, nimesogeza pembeni meno ya bandia ya wateja, nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unafua, nikaishia kukuuliza kama sabuni imebaki. Mara ya pili nikakuuliza hilohilo.

Jambo lenyewe ni la zile ndege za Mzee Issa. Nitaanza mwanzo, maana kuna sehemu ambazo hukuwepo, na nyingine ulikuwa mdogo.

Mzee Issa alinijia kama mteja yeyote. Ni mtu wa Kolo, na wakati huo alikuwa amehamia huku Ihumwa kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Alitaka meno ya juu. Nilipomuuliza anayatakaje, akatoa picha yake ya ujanani: amevaa ovaroli, amesimama kando ya ndege, anacheka. Akaweka ukucha kwenye picha.

“Unauona huo mwanya? Nirudishie.”

Wateja wengi hutaka meno yaliyopangika kama punje za muhindi. Yeye alitaka ya kwake. Nikamwekea mwanya, na jino moja la pembeni nikaliegemeza kidogo kama lilivyokuwa kwenye picha. Siku ya kuyavaa alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema, “Huyu ndiye.” Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijapata sifa niliyoipenda zaidi ya hiyo.

Ndege ya kwenye picha ilikuwa Mig kumi na tano, jeti ya kivita ya zile za mwanzo kabisa, ambayo pua yake haikuchongoka bali imekatwa na kubaki wazi kama mdomo wa bomba. Alipelekwa ng'ambo akiwa kijana kusomea ufundi wa ndege, na hiyo ndiyo waliyofundishiwa. Mwanawe anayeishi nje alikuwa amemletea maboksi mawili ya vipande vya plastiki vya kuunga ndege hiyohiyo, kutoka viwanda viwili, kwa sababu hakujua lipi ni bora. Zote mbili zilikuwa za kipimo kimoja, ndogo mara arobaini na nane kuliko ya kweli. Lakini mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. “Wewe unayechonga meno,” akaniambia, “ndege itakushinda wapi?”

Ndivyo zilivyoingia nyumbani kwetu. Ulikuwa na miaka kumi na moja.

Niliyafungua maboksi yote mawili juu ya meza hii na kuyalinganisha kipande kwa kipande, kama ninavyofanya nikipokea plastiki ya meno kutoka kwa muuzaji mpya. Boksi la zamani lilikuwa na vipande visivyofika arobaini. Mistari ya mabati ya ndege ilikuwa imevimba juu ya plastiki badala ya kuchimbwa ndani. Nusu mbili za kiwiliwili hazikukutana vizuri. Ungeweza kupitisha kadi ya simu katikati. Kiti cha rubani kilikuwa kama kigoda. Boksi jipya lilikuwa na vipande zaidi ya mia, mistari myembamba kama unywele, kiti chenye mikanda, misumari midogo inayoonekana kwa lenzi tu. Kila kipande kilikaa mahali pake kwa mlio mdogo. Nikasema hakuna mashindano hapa.

Mzee Issa alipokuja Jumamosi akavishika viwiliwili viwili ambavyo havijagundishwa, akavipitisha kwenye viganja. Akainua kile cha boksi jipya. “Hii imenenepa mgongoni.” Akainua cha zamani. “Hii ndiyo. Nimeisukuma kwa bega hili, naijua.” Mimi nikacheka kwa heshima. Moyoni nikasema mzee amesahau.

Nikachukua boksi jipya, wewe nikakupa la zamani. Sikukuuliza unataka lipi. Nilikupa lile nililoliona baya, kwa sababu hata ukiliharibu hasara ni ndogo. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni dogo kuliko yanayofuata.

Tulifanya kazi kama miezi miwili, wewe upande ule wa meza na mimi huku. Nilikufundisha kukata vipande kwenye fremu ya plastiki inayovishikilia bila kuacha kovu, kujaza nyufa na kupiga msasa kwa maji. Nilikuonyesha kuweka risasi za kubalansia magurudumu puani, maana ndege hii ina mkia mzito na bila uzito mbele inakalia makalio. Ulicheka sana ilipokalia makalio. Nilikuwa baba mwenye furaha, Nyemo, sitaki uwaze vingine. Kila Jumamosi mzee alikuja, ukamwamkia shikamoo, ukakaa naye pale kwenye benchi na daftari lako ukimuuliza maswali. Babu, ngazi mliiweka upande gani? Babu, kiraka kilikuwa rangi gani? Mimi nilikuwa na kibano mkononi na jicho kwenye kioo cha rubani. Nilikwambia umwache mzee apumzike. Majibu ya mzee sikuyasikiliza hata moja.

Ile Alhamisi wewe ulikuwa shule. Mzee alikuwa aje Jumamosi kuzitazama zote mbili zikiwa zimekamilika. Yangu ilikuwa imeng'aa. Nikaichukua yako niitazame kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona makosa. Juu ya kila bawa la ndege hii husimama vibao viwili vyembamba vya kuongoza upepo. Kwenye bawa la kushoto, kibao cha ndani kilikuwa kimepinda mwishoni, kimekunjamana. Karibu na mdomo kulikuwa na kiraka cha pembe nne, rangi yake imepauka kuliko pengine. Mguu wa mbele ulikuwa mfupi, ndege imeinama kidogo kama mbuzi anayekunywa maji.

Nikatoa kibao kilichopinda, nikakata kingine kwenye plastiki yangu, nikakisimamisha wima. Kiraka nikakipiga msasa, nikapaka rangi upya mpaka mdomo wote ukawa sawa. Mguu nikaurefusha. Nililinganisha na mchoro wa kwenye boksi, nikahakikisha kila kitu kimefuata mchoro. Ilinichukua mchana mzima, na niliufurahia. Niliona nakutendea wema.

Nataka ujue jambo kuhusu mimi, si kwa kujitetea. Kazi hii nilijifunza kwa mtu aliyekuwa akichukua meno niliyoyapanga, anayatazama mara moja, anayavunja mbele yangu kwa koleo na kuniambia anza tena. Niliapa sitavunja kazi ya mtu maishani mwangu. Na kweli sikuvunja. Nilikuwa nairekebisha. Nilidhani hayo ni mambo mawili tofauti.

Na mimi ndiye niliyemwekea mzee yuleyule mwanya wake. Nilikuwa na akili ya kuuliza mteja meno yake yalikuwaje, nikakosa akili ya kumuuliza mwanangu ndege yake ikoje.

Ulirudi saa kumi, ukaweka begi, ukaenda mezani. Ulisimama. Ukasema, “Baba, umeigusa?”

“Nimeirekebisha kidogo tu.”

Ukasema, “Sawa.” Ukaenda kuvua sare.

Lile neno nililisikia kama shukrani.

Jumamosi mzee akaja. Nikampa yangu kwanza, akaisifu. Kisha akachukua yako. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya bawa la kushoto, taratibu, akarudi, akapitisha tena. Akainua macho kukutazama. Wewe ulikuwa unatazama sakafu. Na hapo mimi, bila kuulizwa na mtu, nikasema, “Hiyo kaifanya yote mwenyewe, mzee. Sijamsaidia hata kidogo.”

Nilisema hivyo mbele yako. Nilijua si kweli, na wewe ulijua, na nilijua kwamba unajua. Nilitaka upate sifa, na sehemu yangu nyingine ilitaka kuonekana nina mtoto wa namna hiyo.

Mzee akaishusha mezani. “Zote nzuri,” akasema. “Hongera, mjukuu wangu.” Ukajibu, “Asante babu.” Akazibeba zote mbili kwenye boksi la viatu, akaenda nazo.

Baada ya hapo hukushika tena kibano. Nilikuletea gundi mpya, ikakauka kwenye chupa. Nikamwambia mama yako kwamba watoto ndivyo walivyo, hupenda kitu na kukiacha. Miaka ikaenda. Mzee akarudi Kolo. Mimi nikawa najivunia binti mtulivu ambaye habishani na baba yake.

Sasa nije mwaka huu. Ulipokuwa unaandika barua ya kuomba nafasi ya kujifunza kazi kwa wale wapima ardhi wa Mbeya, uliniletea hapa chumbani. Nikaona katikati kuna mistari mitupu, sehemu tatu. Nikakuuliza hapa vipi. Ukanijibu bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza njia ya dukani:

“Hapo nimekuachia, baba. Si utabadilisha tu.”

Ukatoka kwenda kuchota maji. Mimi nikabaki na ile karatasi. Nilitazama zile nafasi tatu na sikuweza kuandika kitu. Nilimpelekea mama yako jikoni, nikamwambia alivyosema mtoto. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

“Leo ndiyo umeona?”

“Nimeona nini?”

“Pindo la sare alishona mwenyewe akiwa kidato cha pili. Ukalifumua, ukashona upya, ukasema sasa limenyooka. Akachora ramani ya jiografia, ukapita juu na kalamu yako. Banda la kuku alipiga misumari, ukaing'oa. Baba Nyemo, mkono wako haujui kukaa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nimekwambia. Ukanirekebisha namna nilivyosema.”

Nikamwuliza ilianza lini. Akasema, “Zile ndege.”

Unakumbuka nilikurudishia barua ile ikiwa vilevile, nikakwambia ujaze mwenyewe, ukaniona kama mgonjwa. Wiki iliyofuata nikasema nakwenda Kolo kumtengenezea Mzee Issa meno yake yaliyolegea. Meno yalikuwa yamelegea kweli, alikuwa amenipigia simu. Lakini sikupanda basi kwa ajili ya meno.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake. Macho yamepungua, aliniuliza mara mbili ni nani, kisha akanijua kwa sauti. Nikamfanyia kazi ya meno kwanza, maana ilikuwa rahisi. Halafu nikamwambia, “Mzee, ile ndege ya Nyemo, mimi ndiye niliyeimalizia. Nilikudanganya.”

“Najua,” akasema.

“Ulijuaje?”

“Ilikuwa imenyooka.”

Ndipo akanieleza mambo ambayo wewe unayajua tangu una miaka kumi na moja na mimi nimeyajua nikiwa na mvi. Kwamba kule ng'ambo, uwanjani walikofundishiwa, kulikuwa na ndege namba saba. Kwamba wiki yake ya kwanza kazini aliegemeza ngazi vibaya juu ya bawa la kushoto, kibao kikakunjamana, na mwalimu wake hakumfokea, alimpa nyundo ya mbao akamwambia kinyooshe wewe. Akakinyoosha alivyoweza. Hakikunyooka vizuri hata siku moja. Kwamba kile kiraka cha mdomoni alikipiga yeye pia, mwezi mmoja baadaye, na rangi ya kufanana haikupatikana. Kwamba mguu wa mbele wa namba saba ulikuwa unavuja, ukiilaza usiku asubuhi imeinama. “Ile ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya kwa mkono wangu,” akasema. “Nikamwambia mtoto. Akaandika yote kwenye daftari. Akaniambia, babu, mimi nitakutengenezea namba saba.”

Niliiona meza, dirisha, msasa wangu ukipita juu ya kiraka.

“Jumamosi ile,” akasema, “nilikitafuta kibao kwa kidole. Sikukipata.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akaniambia kwamba angesema, lakini Jumapili yake wewe ulikwenda nyumbani kwa binti yake, peke yako, umevaa nguo za kanisani. Ukamwamkia, ukasimama mlangoni, hukutaka kukaa. Ukamwambia, “Babu, nisamehe. Namba saba niliiangusha ikavunjika. Baba akaniungia.”

Nyemo, nilimwomba arudie. Akarudia.

“Ulijua anadanganya?” nikamuuliza.

“Kitu kikianguka kinaongeza makovu,” akasema. “Hakiyapunguzi.”

“Sasa kwa nini hukuniambia miaka yote hii?”

“Mtoto amekuficha nyuma yake. Mimi ni nani nimsogeze?”

Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia kwa mdomo. Kwamba nilisema uongo nionekane, na wewe siku iliyofuata ukaenda kwa miguu yako kusema uongo ili nisionekane. Nilipokuwa na miaka kumi na moja sikuwa na ujasiri huo, na sasa pia sidhani kama ninao. Na hukuniambia. Ulirudi nyumbani ukala chakula cha mchana nasi, nakumbuka ile Jumapili kwa sababu mama yako alichinja jogoo. Ulikula kawaida.

Nimeyafikiria haya kwenye basi la kurudi, nimeyafikiria kila siku tangu hapo. Sitaki kujiombea msamaha mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Utakapotaka kusema kitu utasema, na usipotaka basi. Lakini kuna mawili ambayo nimeyaokota humo kwa gharama yako, na nisingependa uondoke bila kuyabeba.

La kwanza ni la kazi. Huko uendako watakusahihisha, na wengine watakuwa sahihi. Mpima akikosea kidogo, jirani wawili wanagombana mpaka wazeeke. Kwa hiyo usikasirike ukisahihishwa. Ila muulize anayekusahihisha: unalinganisha na nini? Mimi nililinganisha na mchoro wa kwenye boksi. Wewe ulilinganisha na mtu aliyeigusa. Tungeulizana swali hilo ile Alhamisi, tungemaliza kwa dakika mbili. Na kama jibu lako ni zuri, lisemee, hata kama anayekusahihisha amekuzaa.

La pili ni gumu kwangu kuliandika. Usinifiche tena. Nikikosea, sema baba amekosea. Sema mbele yangu, sema mbele ya wageni. Nitanuna siku mbili, mama yako atakwambia jinsi ya kunivumilia, kisha nitarudi. Hujazaliwa kusimama mbele yangu kunikinga. Na usimfanyie hivyo mtu mwingine pia, mkuu wa kazi wala mume, kwa sababu najua ulijifunzia wapi, na una kipaji nacho. Mtu anayefichwa hana haja ya kubadilika. Mimi nimekaa miaka minane bila haja.

Mzee Issa anakusalimu. Alinipa maneno nikufikishie, nami nayaandika kama alivyoyasema, sijapunguza wala kuongeza: “Mwambie daftari asilitupe.” Sijui kama bado unalo. Sijaenda kulitafuta kwenye vitu vyako.

Makosa ya barua yako ya Mbeya niliyaona, baada ya wewe kuijaza. Yalikuwa mawili. Nilikaa juu ya mikono yangu, mama yako ni shahidi, na barua ikaenda nayo, na wamekuchukua. Sikwambii ni yapi.

Hapa sasa mama yako ananiita. Anasema nije nitazame boksi lako kabla halijafungwa kamba, eti wewe hujui kupanga vitu vizito chini. Nimemjibu kwamba umeshalifunga mwenyewe, liachwe kama lilivyo.

Baba yako